Neno moja kwenye vivuko: wanafunzi wa Butembo na Beni wasoma Waamuzi 11 na 12

Wanafunzi wetu wa Butembo na Beni husoma shuleni riwaya za vita zilizoandikwa na Waafrika. Kuna Allah n'est pas obligé ya Ahmadou Kourouma (2000), juu ya mtoto askari huko Liberia na Sierra Leone. Kuna Petit pays ya Gaël Faye (2016), juu ya mtoto wa Bujumbura anayeona ubaguzi ukiingia hadi nyumbani kwao. Vyote viwili vilipata Goncourt des lycéens, tuzo ambayo mshindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Vijana wasiosikia risasi usiku waliona kuna jambo humo. Wetu, wanaozisikia, walituuliza swali lingine: je, Biblia nayo ina hadithi ya namna hiyo?

Inayo, na mara nyingi makanisani tunairuka. Yeftha tunamjua kwa ajili ya nadhiri yake na binti yake, na mahubiri huishia hapo. Lakini soma mwanzo wa sura ya 11. Mama yake alikuwa kahaba. Ndugu zake wa baba mmoja walimfukuza ili asirithi pamoja nao, kwa kuwa ni mwana wa mwanamke mwingine. Akakimbilia nchi ya Tobu, na huko watu ovyo wakamkusanyikia. Hapo wanafunzi hawakuhitaji maelezo ya mwalimu. Kijana aliyefukuzwa kwao, pori, kundi la silaha: huyo wanamfahamu, wengine walikaa naye darasa moja.

Vita na Waamoni vilipowabana, wazee wa Gileadi walimfuata awe mkuu wao. Yeftha akawauliza kwa nini wanamjia sasa katika taabu, na wao ndio waliomchukia na kumfukuza. Wazee hawakuomba msamaha. Walimwahidi cheo tu.

Katika sura ya 12 Waefraimu wanakuja na hasira kwamba hawakuitwa vitani, wanatisha kumchoma Yeftha pamoja na nyumba yake. Wanawatukana Wagileadi kuwa ni watoro tu, watu wasio na kwao. Tukumbuke kwamba Wagileadi hao ni wa Manase, na Manase na Efraimu ni watoto wa Yusufu, tumbo moja. Waefraimu wanashindwa, na Wagileadi wanashika vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa atamke "Shibolethi". Anayesema "Sibolethi" anauawa. Walikufa 42,000. Neno lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Wafasiri wengi wanasema maana yake ni suke la nafaka.

Beni haikuhitaji kufasiriwa hayo. Mwishoni mwa Oktoba 2014, majuma machache baada ya mauaji makubwa kuanza, habari zilitangazwa za kijana aliyeshukiwa ndani ya basi kwa sababu hakujua Kiswahili, na alikuwa na panga. Kundi la watu lilimpiga mawe hadi akafa, likamchoma. Kama alikuwa mwuaji au mpita njia, hakuna hakimu aliyepata kumwuliza.

Hatusemi kwamba hofu ile ilikuwa ya bure. Rwangoma iliwazika watu wake Agosti 2016. Kule Kasindi bomu lililipuka kanisani, watu wakiwa katika ibada, Januari 2023. Aliyezika jamaa zake ana sababu ya kumwuliza mgeni ametoka wapi. Kazi iko katika kile kinachofuata baada ya jibu.

Basi tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika: vivuko unavyovijua wewe ni vipi? Tulitazamia bariyeri za barabarani, na kweli ziliandikwa, pamoja na kadi ya mpiga kura ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, yenye kuonyesha asili ya mtu. Lakini karatasi nyingi zilitaja mambo ya karibu zaidi. Mama aliyehama kutoka upande wa Eringeti akanyimwa nyumba ya kupanga Butembo, kwa wazo kwamba adui huwafuata wahami. Mwanafunzi anayenyamaza darasani kwa sababu akifungua mdomo wanacheka matamshi yake (na sisi walimu, tuseme ukweli, tumewahi kucheka). Mmoja aliandika juu ya kanisa: siku ya kwanza mchungaji aliwaomba "wageni wetu wahami" wasimame wapokelewe, wakashangiliwa vizuri. Miaka miwili baadaye, wakiwa wanaimba kwaya na kutoa sadaka kama wengine, bado waliitwa wasimame.

Kuna jambo ambalo msichana mmoja aliligundua, nasi hatukuwa tumeliona. Yeftha hatajwi pale kwenye vivuko. Maandiko yanasema tu watu wa Gileadi. Hakuna amri ya mkuu inayotajwa; wanaouliza neno ni watu wa kawaida, ambao jana walitukanwa watoro.

Tutaendelea na kitabu cha Ruthu, ambacho kinatokea zamani zile zile za waamuzi. Tumewaomba wanafunzi wapige mstari kila mahali anapoitwa Ruthu Mmoabi. Mara ya mwisho ni mlangoni pa mji, sura ya 4, mstari wa 10. Mistari mitatu mbele, anapoolewa na Boazi, anaitwa Ruthu tu.