Gorogoro Lililobonyea

Ndugu msomaji, wewe uliyelelewa Pwani wakijua kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja, na mama zetu walikuwa wakiutazama mkono wa muuza nafaka kabla hawajalipa. Kule Nyanza kipimo cha sokoni ni gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili uliokwisha mafuta ya kupikia. Mkebe huo ulinifedhehesha.

Mwaka 1984 nilitoka Mombasa kwenda kutafuta riziki Homa Bay. Siku hizo Homa Bay ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya South Nyanza, na Migori, ambayo leo ni kaunti peke yake, ilikuwa ndani ya wilaya hiyo hiyo. Mzee mmoja Mwislamu, mwenyeji wa Kendu Bay, akanipa kazi. Yeye hununua omena kwa magunia, wale dagaa wa ziwani. Mimi huwapeleka kwa gari kupitia Rongo hadi sokoni Migori, nikawauza kwa gorogoro.

Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Asubuhi huanikwa juani. Walioanikwa juu ya nyavu hukauka safi. Walioanikwa chini huokota mchanga, na mchanga nao hujaza mkebe. Wako pia wanaougonga mkebe kitako kwa nyundo kiingie ndani. Ukitazama juu umefurika, kumbe tumbo limeliwa. Sheria ya mizani na vipimo ipo, lakini mkaguzi hashindi sokoni.

Sitajificha: mimi nilikuwa na mkebe wa namna hiyo. Nilijiambia kila mtu anao. Mwisho wa mwezi nikampelekea mzee fedha nyingi, nikingoja sifa. Akahesabu fedha, akahesabu magunia, akaniuliza, "Mwanangu, gunia langu limezaa?"

Akautaka mkebe, akapitisha kidole kwenye kitako. Hakunifokea. Alinikumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Tena Kurani ina sura nzima, ya 83, yenye jina la wapunjaji wa vipimo. Mimi niliihifadhi chuoni nikiwa mtoto; sikudhani hata siku moja kuwa inanihusu.

Akaniamuru nirudi Migori nikamlipe kila ninayemkumbuka. Nilikuwa nikizijua sura, si majina. Wa kwanza alikuwa mama muuza chakula karibu na stendi. Nilipomweleza, alicheka.

"Nilijua," akasema. "Nilinunua kwako kwa sababu wenzako ni hivyo hivyo, na wewe angalau ulikuwa ukinisalimu."

Wallahi, afadhali angenitukana.

Tukanunua mkebe mpya, mnunuzi akawa anajimiminia mwenyewe. Wenye mchanga niliwatenga na kuwauza bei ya chini, nikisema wazi. Jirani zangu wakanuna kwamba naharibu soko, na kwa miezi miwili hesabu ilipungua hata nikaona haya kumpelekea mzee. Akapokea bila neno. Wateja wengine hawakurudi kamwe, siwezi kuwalaumu.

Mkebe uliobonyea mzee aliuweka juu ya rafu dukani Homa Bay, kitako kikiwaelekea watu. Walipouliza ni wa nani, akijibu kuwa ni wa dukani kwake.