Haoni Vizuri, Lakini Anaona Watu Uani

Chukua bibi wa Viwanja Sitini, hapa Ifakara, ambaye macho yamefifia. Jioni anaona watoto wamesimama uani, nguo zao safi, hawasemi neno. Anajua hawapo. Amwambie nani? Mwanawe atadhani mama karukwa na akili. Jirani atataja mganga. Bibi ananyamaza, na hofu inamla usiku kucha.

Hali hii inajulikana tangu mwaka 1760, pale Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, alipoandika habari za babu yake, Charles Lullin. Mzee huyo alikuwa na akili timamu, ila macho yake yalikuwa yameharibika, na alikuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Leo madaktari huita maruweruwe haya kwa jina la Bonnet.

Jicho likifa, ubongo haufi nalo. Sehemu ya ubongo inayopokea picha, ikikosa za kupokea, hujitengenezea zake. Mwaka 1998 Dominic ffytche na wenzake wa London walipima ubongo wa watu wa aina hii wakati maono yanawajia: aliyeona rangi, sehemu inayoshughulikia rangi ndiyo iliyokuwa kazini, aliyeona nyuso, ile ya nyuso. Kwa hiyo bibi hatungi uongo. Anaona kweli, isipokuwa macho hayahusiki.

Ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye milima ya Mahenge, ugonjwa wa usubi umepofusha watu kwa miaka mingi. Dawa ya ivermectin, ambayo kampuni ya Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987, huua vimelea vichanga mwilini, lakini haimrudishii mtu uoni uliokwisha kupotea. Mazungumzo yetu ya macho huishia hapo: mdudu, kidonge, mtoto wa jicho, upasuaji. Moyo wa anayepofuka hauulizwi, ingawa sonona huwapata zaidi watu wa namna hii. Naona huo ni upungufu mkubwa, na kuurekebisha hakuhitaji mashine.

Dawa ya kwanza ni maelezo. Mtu akishaambiwa kwamba huu si wazimu wala si uchawi, hofu hupungua sana. Picha zikija, awashe taa, ainuke, au apeleke macho kushoto na kulia haraka haraka. Wengi husema hufifia. Kama chanzo ni mtoto wa jicho, upasuaji mara nyingi huziondoa kabisa.

Ila tahadhari. Maono ya Bonnet ni picha tu, hayana sauti. Mtu akisikia sauti zinazomsemesha, akichanganyikiwa ghafla, au akiwa na homa, asisubiri: bonde hili lina malaria, nayo hupanda kichwani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi mnaopima macho, na ninyi wenye wazazi wanaopoteza uoni, ulizeni kwa upole: "Mama, kuna vitu unaviona ambavyo sisi hatuvioni?" Yeye hatalianzisha jambo hilo.