Kirikuu ya mkononi: kabla hujalipa, ipandishe mlima

Unauza karoti na kabeji za Mgeta kwa oda za WhatsApp, umechoka kukodi usafiri, sasa unataka kirikuu yako. Sawa, ila rangi mpya isikuzuzue.

Lala chini na tochi, angalia chesesi. Japani gari hizi zimetengenezwa kubeba kilo 350 tu, injini cc 660. Huku kwetu zinajazwa mpaka springi zinalala. Ukikuta chesesi imechomelewa, au kutu inameguka ukiigonga, achana nayo hata bei iwe tamu vipi. Nyanyua na kiti uone kama injini inavuja oili.

Breki zijaribu kwanza tambarare. Zikikamata vizuri, pakia mzigo, kata kona Sangasanga uelekee Mgeta, fundi wako akiwa pembeni. Kuzunguka Msamvu na gari tupu hakukuonyeshi kitu. Mlimani injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Hiyo gharama itoke kwenye bei.

Halafu kadi: namba ya chesesi ifanane, jina liwe la anayekuuzia. Dalali akikwambia "kadi ipo kwa bro Dar", usitoe hata advansi.