Kimya cha Seva Si "Hapana"

Katika maduka ya chini ya majumba ya Michenzani, Zanzibar, kununua umeme ni shughuli ya muda mfupi. Mteja anataja namba ya mita yake ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na kiasi anachotaka, muuzaji anabonyeza, na tarakimu 20 za tokeni zinatokea kwenye skrini. Siku mtandao ukiwa mzito, kiduara kinazunguka tu, foleni inarefuka, na mama aliyeacha friji imezimika nyumbani anauliza, "Mwanangu, bado tu?" Muuzaji hana la kumjibu, maana hata programu anayoitumia haijui.

Programu hiyo imetuma ombi kwa seva iliyo mbali, kisha imesimama. Mstari unaofuata hautekelezwi mpaka jibu lirudi. Huo ndio mwito wa kusubiri. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson walichapisha maelezo ya namna ya kuufanya mwito wa kwenda kompyuta nyingine ufanane na mwito wa ndani ya kompyuta ile ile. Watengeneza programu wameupenda mtindo huo hadi leo, na wana haki: msimbo unasomeka kwa mpangilio, hatua baada ya hatua. Lakini kufanana huko kunaficha bahari iliyo katikati. Fundi anajaribu kazi yake na seva iliyo meza moja naye, jibu linarudi papo hapo, anaamini kazi imekwisha.

Mwito wa kusubiri wenyewe hauna kosa. Mnunuzi wa tokeni anataka tokeni sasa hivi, hana kazi nyingine ya kufanya pale dukani. Kosa ni kusubiri bila ukomo. Katika Java, chombo cha kawaida cha HttpURLConnection kisipowekewa ukomo husubiri milele. Maktaba ya requests ya Python ni vivyo hivyo. HttpClient ya .NET ina ukomo wa sekunde 100, muda ambao hakuna foleni ya Michenzani itakayouvumilia.

Na hasara haibaki kwa mteja mmoja. Chukua mfumo wa kati unaopokea maombi ya maduka yote na kuyapeleka kwa seva ya umeme. Ukiendeshwa na programu ya seva ya Tomcat kwa mpangilio wake wa kawaida, una thredi 200, yaani unashughulikia maombi 200 kwa wakati mmoja. Kila ombi likichukua nusu sekunde, mfumo unahudumia maombi 400 kwa sekunde. Seva ya mbali ikinyamaza na kila thredi ikasubiri sekunde 100, yanabaki maombi mawili kwa sekunde. Mashine ni nzima, umeme upo, na hata anayetaka kuangalia salio tu hapati huduma, kwa sababu thredi zote zimeshikwa na kusubiri. Kwa hiyo ukomo uwe wa sekunde chache, tena wa aina mbili: mmoja wa kuunganishwa na seva, mwingine wa kungoja jibu lake.

Ukomo ukifika, programu iseme nini? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika "Muamala umeshindikana, jaribu tena." Hawajui kama umeshindikana. Huenda ombi lilipotea njiani. Huenda lilifika, pesa zikakatwa, tokeni ikatolewa, na kilichopotea ni jibu. Ukiwa upande wa duka, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Muuzaji akitii na kubonyeza tena, anaweza kununua umeme mara mbili, na mmoja wao, yeye au mteja, ataubeba mzigo huo.

Dawa yake inajulikana. Kila ununuzi upewe namba ya kumbukumbu na programu ya duka kabla haujatumwa. Jibu likichelewa, programu iulize kwanza hali ya namba ile, na ikilazimika kutuma upya itume kwa namba ile ile. Seva nayo ikiiona mara ya pili irudishe tokeni ya mwanzo, isikate pesa tena. Skrini iandike ukweli: "Bado hatujapata jibu, tunafuatilia."

Pale jibu linapomtegemea binadamu, kusubiri kwenye laini hakufai kabisa. Safaricom ya Kenya, kwa malipo ya M-Pesa yanayomtaka mteja aweke namba ya siri kwenye simu yake, hujibu mara moja kwamba ombi limepokewa, kisha hupeleka matokeo baadaye kwenye anwani ya mfanyabiashara. Pia kuna njia ya kuuliza hali ya ombi matokeo yasipofika.

Hatari ya majibu kuchelewa si ya kubuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na majirani zake. Mtandao uliokufa kabisa mara nyingi hurudisha kosa upesi. Unaokwenda kwa kusuasua ndio unaozishika thredi na kuwaacha watu wakibonyeza mara mbili mbili.

Kwa hiyo mtengeneza programu, kabla hujaigawa kazi yako madukani, icheleweshe seva yako ya majaribio kwa makusudi dakika nzima, uone skrini inasema nini. Nawe muuzaji, kiduara kikizunguka, usibonyeze tena: fungua orodha ya miamala, tafuta namba ya kumbukumbu, uliza hali yake kwanza.