Upepo wa Makambako na hewa iliyoipita sauti
Asubuhi tulivu katika kata ya Ramadhani, Njombe, moshi wa kuni hupanda ukiwa umenyooka kama uzi, kisha hujipinda na kusambaratika. Hakuna aliyeutikisa. Vitikisiko vidogo vilivyokuwamo tangu mwanzo ndivyo vilivyokua. Uchambuzi wa uthabiti wa mtiririko huanzia hapo hapo: kitikisiko kikiingia, kitafifia au kitakua? Upepo wa Makambako, mji wa mkoani humo humo, hata ukivuma mita 15 kwa sekunde, haufikii sehemu moja ya ishirini ya kasi ya sauti, na hewa yake karibu haibanwi. Basi huweza kuhesabiwa kama maji. Kosa ni kudhani mazoea hayo yanafaa popote.

Roketi za Scout zilizorushwa baharini Ngomeni, karibu na Malindi, kati ya 1967 na 1988, zilipita kwenye hali nyingine kabisa. Kasi ikiipita ile ya sauti kwa mbali, hewa hubanwa na kupata moto mkali. Utando mwembamba wa hewa unaoligusa ganda la chombo ukivurugika, joto linaloingia huongezeka mara kadhaa. Ndiyo sababu mwaka 2005 mwanaanga Stephen Robinson alitoka nje ya chombo cha anga Discovery akachomoa vijazio viwili vilivyochomoza kati ya vigae vya tumboni: ilihofiwa vingeuvuruga utando huo mapema wakati wa kurudi duniani.

Mtu atasema, basi ganda lipozwe. Hoja hiyo ina mashiko, kwani mtafiti Lester Lees alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba kupoza hutuliza mtiririko. Lakini mtafiti mwingine, Leslie Mack, aligundua kwamba, kwenye kasi kubwa, takriban mara nne ya ile ya sauti na zaidi, hutawala wimbi la aina nyingine: sauti iliyonaswa ndani ya utando, ikidunda huku na huku. Wimbi hili, ganda likipozwa, huzidi kukua. Dawa ya ugonjwa mmoja huchochea mwingine, na hilo kwangu ndilo funzo zito kuliko yote ya fani hii.

Wengine husema kompyuta za leo zihesabu kila kitu. Zinaweza mengi, ila lazima ziambiwe ni kitikisiko gani kimeingia, na cha ukubwa gani. Majaribio nayo yana mtego wake: kuta za handaki la upepo hutoa kelele inayoukoroga utando mapema kuliko angani. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kimelazimika kujenga handaki tulivu, lenye kuta zilizong'arishwa mno, ili mawimbi ya Mack yapimwe bila kelele hiyo kwenye mara sita ya kasi ya sauti.