Kinachoishikilia gesi chini ya Ziwa Kivu

Wakazi wa Goma wana neno lao: mazuku. Ni mabondeni na mashimoni ambako hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Huua mbuzi, na mara nyingine binadamu. Gesi hiyo hiyo imo ndani ya Ziwa Kivu, tena kwa wingi wa kutisha: takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na nyingine 60 za methani. Watu wapatao milioni mbili wanaishi kandokando ya ziwa hili, Rwanda upande mmoja na Kongo upande wa pili.

Kinachoizuia isitoke ni mambo ya kemia ya sekondari, yale ambayo wengi wetu tuliyakariri kwa ajili ya mtihani tu.

Tuanze na methani. Atomu moja ya kaboni inashirikiana elektroni na atomu nne za haidrojeni. Bondi ya namna hii, kovalenti, ni imara. Gesi inapowaka, atomu hizo huachana na kuungana na oksijeni kwa nguvu kubwa zaidi, na tofauti hiyo ndiyo joto la kuzalisha umeme. Lakini kati ya molekuli moja ya methani na jirani yake mvuto ni hafifu mno. Hata kwenye baridi ya nyuzi 150 chini ya sifuri, methani bado ni gesi.

Maji yana tabia nyingine. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni chanya kidogo, hivyo molekuli hushikana. Hiyo ni bondi ya haidrojeni. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya bondi iliyo ndani ya molekuli yenyewe, ila ziko nyingi mno. Hewa ya ukaa ina oksijeni zenye chaji hasi kidogo, kwa hiyo maji huipokea. Methani haina pa kushikwa. Kwa mgandamizo ule ule, hewa ya ukaa huyeyuka katika maji zaidi ya methani kwa mara 20 na ushee.

Mtambo wa KivuWatt huko Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, unaishi kwa tofauti hiyo. Maji huvutwa kutoka kina cha mita 350 hivi. Yakipanda, mgandamizo hupungua na methani hutangulia kutoka. Hewa ya ukaa inayofuatana nayo huoshwa kwa maji.

Halafu kuna chumvi. Hapa elektroni hazishirikiwi: atomu moja inatoa, nyingine inapokea, na zote zinabaki ioni zenye chaji zinazovutana. Chemchemi za chini ya ziwa huleta madini ya aina hiyo, na maji huzitenganisha ioni kwa kuizunguka kila moja. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: maji ya kina kirefu cha Kivu ni ya moto kuliko ya juu, na kwa kawaida yangepanda. Uzito wa chumvi na hewa ya ukaa unayazuia. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilimiminika hadi ziwani, na tabaka za chini hazikutibuka.

Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitapika hewa ya ukaa Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja.

Kwa hiyo swali zito kwa wavunaji wa gesi ni maji yaliyokwisha kukamuliwa yanarudishwa kina gani. Yakimwagwa juu, yanapandisha madini na gesi yenye sumu kwenye tabaka wanamoishi sambaza, samaki waliotolewa Tanganyika na sasa ni kitoweo cha pwani zote mbili. Yakirudishwa vibaya chini, yanapunguza nguvu ya tabaka zinazolituliza ziwa.

Rwanda na Zaire zilitia saini mkataba wa kuvuna methani hii kwa pamoja mwaka 1975. Tangu hapo uhusiano wao umepanda na kushuka, mara kwa mara kwa bunduki. Mtambo wa Karongi uko upande wa Rwanda, lakini maji unayoyarudisha yanaingia katika ziwa la nchi zote mbili, na wataalamu wa pande zote mbili wanahitaji vipimo vile vile.