Mabibi Waliohifadhi Vyombo vya Watu wa Kawaida

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tufanyao kazi ya ukarani tumezoea kuitaja methali hii tunapomhimiza mtu aandike mapato na matumizi yake. Lakini iko mali ya namna nyingine, isiyohesabiwa kwa fedha, nayo hupotea upesi zaidi kwa kuwa hakuna aionaye kuwa ni mali: jembe lililovunjika mpini, kinu kilichopasuka, taa ya kale iliyotupwa ghalani. Leo napenda kuwaeleza wasomaji habari za mabibi watatu waliotambua thamani ya vitu hivyo wakati watu wengine walipokuwa wakivitia motoni.

Wa kwanza ni Bibi Isabel Frances Grant, aliyezaliwa mwaka 1887 mjini Edinburgh katika Uskoti, nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Hakuwa mkulima, bali mtu wa kalamu aliyependa kuchungua historia. Sifa yake ya kwanza aliipata kwa ajili ya daftari la hesabu. Daftari hilo lilikuwa la bwana mmoja wa nchi ya milimani aitwaye William Mackintosh wa Balnespick, aliyeandika humo shughuli za shamba lake katika miaka ya 1769 hata 1782. Katika mwaka 1924 Bibi Grant alitoa kitabu kilichoeleza, kwa msaada wa kurasa hizo, jinsi watu wa shamba la zamani walivyoishi siku kwa siku. Hesabu ambazo mwenyewe aliziandika kwa haja ya shamba lake tu, baada ya miaka 150 zikawa ushahidi wa maisha ya watu ambao hawakuacha maandishi yao wenyewe.

Hata hivyo, daftari lina mpaka wake. Laweza kutuambia mshahara wa mtumishi, lakini haliwezi kutuonyesha kijiko alicholia uji wala kiti alichokalia jioni. Bibi Grant alitaka kuviona vitu vyenyewe, na alipoanza kuvitafuta akakuta kwamba vinatoweka.

Sababu za kutoweka kwake zilikuwa nyingi. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, serikali ilivunja nguvu za wakuu wa koo za milimani. Miaka iliyofuata, wenye ardhi waliona faida kubwa katika kufuga kondoo, na jamaa nyingi za wakulima ziliondolewa katika mabonde ya mababu zao. Wengine walihamia pwani, wengine wakavuka bahari kwenda Kanada na nchi nyingine. Kisha zikaja reli na maduka, pamoja na vyombo vya viwandani vilivyouzwa kwa bei nafuu. Mtu akinunua taa mpya, ya kale huitupa. Na mzee aliyejua kuitumia akifa, hata jina lake husahauliwa. Lugha ya Kigaeli, ambayo ndiyo iliyokuwa na majina ya vyombo hivyo, nayo ilikuwa ikipungua.

Bibi Grant alikuwa amesafiri katika nchi za Uswidi na Norwe, ambako makumbusho ya namna mpya yalikwisha kuanzishwa. Huko Stockholm, bwana Artur Hazelius alifungua mwaka 1891 makumbusho yaitwayo Skansen, ambamo nyumba za wakulima zilihamishwa nzima nzima na kusimamishwa uwanjani pamoja na vyombo vyake. Bibi Grant akajiuliza kwa nini nchi yake isiwe na kitu cha namna hiyo. Mwaka 1930 alitengeneza maonyesho makubwa katika mji wa Inverness, vikakusanywa vitu kama 2,100. Matumaini yalikuwa kwamba maonyesho hayo yangekuwa chanzo cha makumbusho ya kudumu. Hata ilipopita miaka mitano aliona afadhali aifanye kazi hiyo mwenyewe. Alikuwa ameachiwa urithi wa fedha. Akautumia kununua kanisa lililokuwa halisaliwi tena katika kisiwa kidogo cha Iona, upande wa magharibi. Humo akafungua makumbusho yake mwaka 1935 na kuyaita kwa Kigaeli Am Fasgadh, maana yake Mahali pa Kujisitiri. Jina hilo lilifaa sana, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa kama wageni walionyeshewa mvua, wakapata mlango ulio wazi.

Je, ni vitu gani alivyovipa hifadhi? Hakutafuta taji wala mapanga ya wakuu. Alikusanya majembe, vikapu vya kubebea mgongoni, hatamu za farasi, vyombo vya kutengenezea siagi, vifaa vya kusokotea sufu, viti na vitanda vilivyochongwa kijijini. Mkulima msomaji angependezwa na jembe la mguu, ambalo kwa Kigaeli huitwa cas chrom. Ni mti mrefu uliopinda karibu na chini, wenye ncha ya chuma na kigingi cha kukanyagia. Mahali penye mawe mengi, ambapo plau na farasi havikuweza kupita, mtu alikanyaga kigingi hicho kwa mguu wake na kulipindua bonge la udongo. Atakayelitazama jembe hilo ataelewa, bila kuhubiriwa, jinsi shayiri ya nchi ile ilivyopatikana kwa jasho. Kulikuwa pia na taa za chuma zenye vibakuli viwili, kimoja juu ya kingine, zilizowashwa kwa mafuta ya samaki na utambi wa moyo wa unyasi. Na vijiko vya pembe, vilivyotengenezwa na mafundi waliozunguka vijijini.

Kabla ya miaka minne kutimia, kanisa la Iona lilikuwa limejaa. Mwaka 1939 aliyahamishia makumbusho yake Laggan, barani, kisha mwaka 1944, vita vikuu vikiwa vingali vikiendelea, akayafungua tena katika mji wa Kingussie. Hapo alipata nyumba yenye uwanja wa eka 3, akasimamisha humo nyumba za mfano wa zile za kale, ili vyombo vionekane mahali pake: chungu juu ya moto, kitanda karibu na ukuta. Fikirini, wasomaji, kazi ya kuvifunga na kuvisafirisha vitu vile mara mbili katika muda wa miaka mitano, petroli ikitolewa kwa kipimo na vijana wakiwa vitani!

Mwaka 1954, umri wake ukiwa umepita miaka 65, Bibi Grant aliyakabidhi makumbusho kwa vyuo vikuu vinne vya kale vya Uskoti, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh. Mwaka 1975 yakaingia mikononi mwa baraza la utawala la nchi ile ya milimani. Baadaye kilipatikana kiwanja cha eka 80 huko Newtonmore, karibu na Kingussie, ambako leo mgeni huweza kuingia katika nyumba za udongo na nyasi zilizojengwa kwa mfano wa kijiji cha miaka ya 1700. Bibi Grant alifariki mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 96, naye alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1961 kitabu kinachoeleza desturi na vyombo vya watu wa milimani. Hivyo kila kitu kilipata mahali pa kukaa na maneno ya kukieleza.

Pengine msomaji atasema kwamba kazi hii yahitaji urithi wa fedha. Ni kweli kwamba bibi wa pili, Electra Havemeyer Webb wa Marekani, alizaliwa mwaka 1888 katika nyumba ya tajiri wa sukari. Wazazi wake walinunua picha za wachoraji mashuhuri wa Ulaya. Binti yao, angali msichana, alinunua sanamu ya mti ya namna iliyosimamishwa milangoni mwa maduka ya tumbaku, na mama yake akashangaa ni kitu gani hicho kilicholetwa nyumbani. Lakini binti hakuacha. Alikusanya mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na wake wa wakulima, wanasesere, vyombo vya mafundi na magari ya farasi. Mwaka 1947 alianzisha makumbusho huko Shelburne, katika jimbo la Vermont, akahamishia huko shule ya kijijini, daraja la mbao, mnara wa taa na hata gereza. Mwaka 1955 meli ya mvuke iitwayo Ticonderoga, yenye urefu wa futi 220 na uzito wa tani 892, ilivutwa juu ya reli katika nchi kavu mwendo wa maili 2 kutoka ziwani, kazi iliyochukua siku 65. Bibi Webb alifariki mwaka 1960. Fedha zake zilivuta meli, ndiyo. Lakini macho yaliyoona uzuri katika blanketi la viraka hayakununuliwa dukani.

Bibi wa tatu alikuwa karibu nasi zaidi. Margaret Trowell alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe daktari, wakakaa Machakos kabla ya kwenda Uganda mwaka 1935. Huko alianzisha mafunzo ya sanaa ambayo yalikua hata yakawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo leo yaitwa kwa jina lake. Makumbusho ya Uganda hakuyaanzisha yeye, kwa kuwa yalikuwako tangu mwaka 1908, lakini katika miaka ya vita vikuu vya pili aliyatunza, na vitu vyake vikawekwa Makerere. Mwaka 1953, yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa kinachoeleza kazi za mikono za makabila ya Uganda: nyumba, vyungu, vikapu, nguo za magome ya miti, silaha na ngoma.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe. Nyumbani kwetu kulikuwa na jiwe la kusagia ulezi, alilolitumia nyanya yangu tangu alipoolewa. Alipofariki, jiwe lile liliwekwa mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Siku moja mwanangu aliniuliza kwa nini jiwe lile lina shimo refu mgongoni. Nikamweleza, kisha nikatafuta jiwe dogo la juu, lile la kushikwa mikononi, nimwonyeshe jinsi lilivyosukumwa. Sikuliona. Nilipouliza, niliambiwa kwamba lilitiwa katika msingi wa nyumba mpya, pamoja na mawe mengine. Mwenye kulitia huko hakukosa. Kwake lilikuwa jiwe tu, na mimi ndiye niliyejua habari zake nisiseme.

Hatuwezi sote kujenga makumbusho. Lakini kila mwenye kalamu aweza kununua daftari la bei ndogo na kwenda kuketi na wazee wake. Na aandike jina la chombo kwa lugha ya nyumbani, mti au udongo uliokifanya, fundi aliyekitengeneza, mtu aliyekitumia, na namna kilivyoshikwa mkononi. Mkulima asiyekuwa na nafasi ya kuandika, na amwite mtoto wake aliye shuleni aandike yeye akisema. Kisha kitu chenyewe kiwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa. Mimi nimekwisha kuanza na ukurasa wa kwanza, nao ni wa jiwe lile kubwa. Mahali pa jiwe dogo nimeandika lilipo sasa: chini ya ukuta wa mashariki.